Kakakuona na Muhanga: Kweli Ipi, Uongo Upi?

Porini Afrika Mashariki wapo wanyama wawili wanaokula mchwa na sisimizi, wanaotoka usiku, wanaozaa mtoto mmoja kwa uzazi, na ambao mara nyingine hupokezana shimo la kulala. Mmoja ni kakakuona, aliyevikwa magamba toka kichwani hadi ncha ya mkia. Mwingine ni muhanga, mwenye masikio marefu, pua ndefu na kucha nene za kuchimbia. Mwongoza watalii aliyebahatika kumwona mmoja wao kwa macho husimulia kwa miaka.

Mnyama asiyeonekana huzungumzwa sana, na hawa wawili wamezungumzwa vya kutosha. Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, ambayo ndiyo rejea kuu duniani ya hali ya viumbe, kakakuona wa aina zote wamo katika madaraja ya hatari. Muhanga yumo katika daraja la chini kabisa, la wasiotia wasiwasi. Wanaishi maisha yanayofanana mno, kwa hiyo tofauti hiyo inahitaji maelezo. Tuyachukue maneno yanayosemwa, tuyapime moja baada ya jingine.

"Kakakuona ni mtambaazi, jamii moja na kenge na mamba."

Uongo. Ni mamalia: ana damu moto, ananyonyesha, na ukimtazama tumboni utaona nywele chache. Magamba yake ni keratini, kitu kile kile kinachofanya kucha zako na pembe ya kifaru. Hakuna mamalia mwingine duniani mwenye magamba ya namna hiyo. Wapo pia wanaomchanganya na nungunungu. Huyo ana miba, na ukoo wake ni wa panya.

"Kakakuona na muhanga ni ndugu."

Uongo, ingawa kosa hili waliwahi kulifanya hata wataalamu. Zamani wanasayansi wa Ulaya waliwaweka kapu moja wanyama wengi wasio na meno au wenye meno hafifu: kakakuona, muhanga, na wala sisimizi wa Amerika ya Kusini. Kigezo kilikuwa sura na chakula. Ulimi mrefu, pua ndefu, kucha za kubomolea kichuguu. Basi ukoo mmoja.

Vinasaba vilipoanza kusomwa, kapu hilo lilipasuka. Mwaka 1998 watafiti walilipa jina la Afrotheria kundi la mamalia ambao chimbuko lao ni bara la Afrika. Ndani yake yumo tembo, yumo pimbi anayeota jua juu ya mawe, yumo nguva wa baharini, yumo sengi mwenye pua inayochezacheza, na yumo muhanga. Kwa hiyo anayetafuta jamaa za muhanga aende kwa tembo. Wala si nguruwe, japo pua yake imewadanganya wengi. Katika oda yake, Tubulidentata, amebaki peke yake. Wenzake wote walikwisha kutoweka na tunawajua kwa mifupa iliyogeuka mawe.

Kakakuona naye ana oda yake, na majirani zake wa karibu katika mti wa ukoo ni wanyama wala nyama: simba, chui, mbwa, fisi, paka wa nyumbani. Ukimweka kakakuona katikati, upande mmoja muhanga na upande wa pili paka, ndugu yake ni paka. Babu wa mwisho waliyechangia kakakuona na muhanga aliishi miaka inayokaribia milioni 100 iliyopita, dinosaria wangali wanatamba. Kufanana kwao kumeletwa na kazi: anayeishi kwa mchwa hana budi awe na ulimi mrefu wenye kunata, kucha ngumu na ngozi inayostahimili kuumwa. Kila mmoja aliufikia mwili huo kwa njia yake.

"Wote wawili hawana meno."

Nusu kweli. Kakakuona hana hata jino moja. Humeza mchanga na vijiwe pamoja na wadudu, na tumbo lake husaga kama firigisi ya kuku. Ulimi wake haukushikizwa kooni. Mizizi yake iko ndani kabisa, karibu na mbavu za mwisho. Muhanga ana magego, tena ya ajabu: hayana gamba gumu la nje, na kila jino ni mkusanyiko wa vijibomba vyembamba vilivyobanana. Oda yake ilipewa jina kutokana na meno hayo.

"Kakakuona akijikunja hakuna wa kumweza."

Kweli kwa simba. Mtoto wa simba anaweza kushinda saa nzima akimgeuzageuza, anamng'ata huku na kule, mwisho anachoka na kumwacha. Magamba yana kingo kali, kichwa kimefichwa tumboni, mkia umefunga kila kitu. Kinga hii imewafaa kakakuona kwa mamilioni ya miaka.

Kwa binadamu ni uongo mtupu, na hapo ndipo msiba ulipo. Mnyama anayejibu hatari kwa kukaa kimya amejikunja hahitaji bunduki, mtego wala mbwa kumkamata. Unamwinua kwa mikono miwili, unamtia ndani ya gunia. Kakakuona wa nyika, huyu anayepatikana sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya, mara nyingi hazidi kilo 15. Mtoto wa shule anaweza kumbeba. Kakakuona mkubwa wa misitu ya Congo na Uganda hupita kilo 30, lakini naye hujikunja vile vile.

Kinga hiyo imegeuka kifo mbele ya uzio wa umeme pia. Kakakuona wa nyika hutembea kwa miguu ya nyuma, tumbo laini limeelekea mbele. Waya wa chini ukimgusa, anafanya alichofundishwa na maumbile: anajikunja. Anajikunja akiwa ameukumbatia waya, na umeme unaendelea kumpiga mpaka anakufa. Afrika Kusini wamepotea wengi kwa namna hiyo. Kusini-magharibi mwa Kenya, katika msitu wa Nyakweri huko Trans Mara, wamesalia kakakuona wakubwa wachache, na uzio uliowekwa kuwazuia tembo wasiingie mashambani umewaua baadhi yao. Dawa yake ni rahisi kupita kiasi: kuondoa au kuzima waya wa chini. Tembo hapiti chini ya uzio.

"Magamba ya kakakuona ni dawa."

Uongo. Nimeshasema magamba ni keratini. Anayekunywa unga wake anakunywa kucha. Huko China na Vietnam ilidaiwa kwa karne nyingi kwamba yanaongeza maziwa ya mama na kutibu viungo. Kwetu baadhi ya waganga huyauza kwa mvuto na kinga, na wengine huyachoma eti moshi wake ufukuze wanyama wakali. Hakuna hata dai moja kati ya hayo ambalo limesimama mbele ya vipimo vya kitabibu. Mwaka 2020 China yenyewe iliyaondoa magamba katika orodha ya malighafi ya kitabu chake rasmi cha dawa, ingawa baadhi ya dawa zilizokwisha kutengenezwa kwa mchanganyiko wenye magamba hazikufutwa.

Lakini soko halingoji ushahidi. Aprili 2019, Singapore ilikamata tani 12.9 za magamba yaliyotoka Nigeria kuelekea Vietnam. Haikupita hata wiki, zikakamatwa tani nyingine 12.7. Maofisa wa huko walikadiria kuwa mizigo hiyo miwili ilitokana na kakakuona wapatao 38,000. Julai mwaka huo huo ikanaswa shehena ya tatu, tani 11.9 za magamba pamoja na tani 8.8 za meno ya tembo, kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Miezi michache kabla, Januari 2019, Uganda ilifungua makontena yaliyotoka Sudan Kusini na kukuta magogo yaliyochongwa katikati. Ndani mlikuwa na meno ya tembo na maelfu ya magamba, juu yakazibwa kwa nta.

Angalia jinsi magamba na meno ya tembo yanavyosafiri pamoja. Hii si biashara ya mganga wa kijijini mwenye kibuyu chake. Ni mtandao ule ule wa majangili wa tembo, wenye mabohari, mawakala wa forodha na nyaraka za kughushi, ulioongeza bidhaa moja.

Na kwa nini Afrika? Kwa sababu Asia imekauka. Kati ya aina nane za kakakuona zinazotambuliwa katika Orodha Nyekundu, nne ni za Asia, na tatu kati ya hizo zimefika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Walanguzi wakageukia kwetu. Desemba 2019 IUCN iliwapandisha daraja la hatari kakakuona mkubwa na kakakuona mwenye tumbo jeupe. Yule wa nyika na yule wa mkia mrefu wako daraja moja chini yao, nalo bado ni daraja la hatari.

"Kakakuona anatoweka kwa sababu anazaa polepole."

Hili huwa nalisikia kwa watu wasomi, na ni nusu kweli inayoficha kweli yenyewe. Ni sahihi kwamba jike huzaa mtoto mmoja, akambeba juu ya shina la mkia wake, akamlea kwa miezi. Spishi ya namna hiyo haiwezi kufidia vifo vya jumla.

Lakini muhanga je? Naye hubeba mimba kwa miezi kama 7 na kuzaa mtoto mmoja. Naye hutoka usiku peke yake. Naye hutegemea wadudu wale wale. Kama kuzaa polepole kungekuwa sababu, wote wawili wangekuwa ukurasa mmoja wa Orodha Nyekundu. Kinachowatenganisha ni bei. Kuna watu nje ya Afrika walio tayari kulipa kwa gamba la kakakuona; kwa ngozi ya muhanga hawapo. Muhanga huliwa nyama sehemu kadhaa, na meno na kucha zake hutumiwa kwa hirizi, ila hakuna kontena linalomngoja bandarini. Siku atakapotokea mtu wa kueneza uvumi kwamba jino la muhanga linatibu kisukari, tutamkuta kwenye magogo yaliyozibwa kwa nta. Kwa kuwa mbio na nguvu za kuchimba anazo, atachukua muda mrefu kidogo kuisha.

"Kakakuona akionekana, anatabiri mwaka."

Hapa sitamcheka mtu. Vijijini Tanzania, kakakuona akiokotwa huwekewa vitu mbele yake: maji, nafaka, silaha. Akielekea maji, mvua itakuwa nyingi. Akielekea nafaka, mavuno. Akigusa silaha, wazee wanatazamana. Kwa Wasangu wa kusini-magharibi mwa nchi iliaminika kwamba ameshuka kutoka angani, na alifanyiwa tambiko. Katika Kasai, huko Congo, Walele nao walikuwa na heshima na miiko yao kwa kakakuona wa msituni. Mwanaanthropolojia Mary Douglas, aliyekwenda kwao mara ya kwanza mwaka 1949, aliandika juu ya miiko hiyo kwa kirefu.

Kama ni sayansi, jibu ni uongo: mnyama wa usiku aliyewekwa juani katikati ya umati anatafuta pa kutokea, na njia ya kutokea ikipita kwenye ndoo ya maji, basi. Ila mila hizo zilikuwa na faida yake. Mnyama mwenye hadhi ya mgeni wa mbinguni hakuwa kitoweo cha kila siku, na kwa wengi kumwua ovyo ilikuwa kujitafutia laana. Tatizo limekuja na simu. Zamani habari za kakakuona aliyeonekana ziliishia kata ya jirani. Leo, kabla hajafika kwenye nafaka, picha yake na jina la kijiji vimeshazunguka mitandaoni, na wa kwanza kupiga simu si lazima awe mhifadhi wa wanyama.

"Muhanga hana shida, wako tele."

Hili ndilo kosa linalonikera zaidi, kwa sababu linatokana na kusoma jedwali bila kusoma maelezo. Kuwekwa katika daraja la wasiotia wasiwasi hakumaanishi kuwa wamehesabiwa na kuonekana wengi. Hakuna aliyewahi kuhesabu muhanga wote wa Afrika. Utawahesabuje wanyama wanaolala mchana chini ya ardhi, kila mmoja shimo lake, na kuhama kila baada ya muda? Daraja hilo limetokana hasa na upana wa makazi yake: anapatikana karibu kote kusini mwa Sahara, palipo na mchwa na udongo unaochimbika, isipokuwa jangwa tupu.

Upana si kinga dhidi ya kila kitu. Mwaka 2013, Kalahari ya Afrika Kusini ilipigwa na ukame mkali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand walikuwa wamewapandikiza baadhi ya muhanga vifaa vya kupima joto la mwili. Nyasi zilipokufa, mchwa na sisimizi wakapungua. Muhanga wakakonda, wakaanza kutoka mchana kuota jua kwa sababu miili haikuwa na nguvu ya kujipasha moto usiku, joto likashuka kupita kiasi, na wengi wao wakafa. Hakukuwa na jangili wala uzio. Kama ukame wa aina hiyo utarudi mara kwa mara, mnyama huyu atapungua kimya kimya bila daraja lake kubadilika kwa miaka, maana hatukuwahi kujua alikuwa kiasi gani.

Katika sheria za kimataifa, hali za kakakuona na muhanga ni kama usiku na mchana. Oktoba 2016, mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg uliziingiza aina zote nane za kakakuona katika Kiambatisho cha Kwanza, kinachopiga marufuku biashara ya kimataifa ya wanyama waliotolewa porini. Katazo likaanza kazi Januari 2017. Muhanga hayumo katika viambatisho hivyo.

"Muhanga ni mharibifu tu."

Kwa mkulima kuna ukweli. Mashimo yake huvunja miguu ya ng'ombe na ekseli za trekta, hudhoofisha kuta za malambo, na hupita chini ya uzio. Mtu aliyepoteza ng'ombe hawezi kuambiwa afurahi.

Ila pima na upande wa pili. Shimo likiachwa na muhanga linapata wapangaji: ngiri, nungunungu, fisi, mbweha, popo, nyoka, ndege, mbwa mwitu wanaotafuta pa kulelea watoto. Mchana wa jua kali au usiku wa baridi, ndani ya shimo joto halibadiliki sana, na kwa wanyama wengi wasio na uwezo wa kuchimba, hiyo ndiyo tofauti ya kupona na kufa. Kakakuona wa nyika ni mmoja wa wapangaji hao. Anachimba kidogo tu kutafuta chakula. Kwa kulala hutegemea sana mashimo ya wengine. Kwa hiyo muhanga akiondoka, kakakuona naye anakosa nyumba. Kusini mwa Afrika upo pia mtango unaozalia matunda chini ya ardhi. Muhanga huyafukua kwa ajili ya maji yake, na mbegu huota kutoka kwenye kinyesi anachofukia. Bila yeye mmea huo hauna msambazaji.

"Suluhisho ni kumfuga kakakuona kibiashara."

Uongo. Hula aina chache za sisimizi na mchwa, huugua na kufa upesi akifungiwa, na huzaa mtoto mmoja. Banda la aina hiyo halilipi, na likiwepo litatumika kusafishia magamba ya porini.

"Kakakuona alileta Uviko."

Haijathibitishwa. Virusi vinavyofanana na vile vya Uviko vilikutwa kwa kakakuona waliokuwa wakisafirishwa kwa magendo, lakini hakuna aliyeonyesha kwamba ndio waliotuambukiza. Somo la kiafya hapo linahusu magendo ya wanyama hai.

"Ukimkuta kakakuona, mchukue umsaidie."

Uongo, hata kama nia ni njema. Tanzania, kakakuona na magamba yake ni nyara za Serikali, na kukutwa navyo bila kibali ni kesi inayohesabiwa kwa miaka ya kifungo. Kenya na Uganda nako sheria ni kali. Zaidi ya hapo, nyumbani kwako hatakula. Akiwa hajaumia, mwache aendelee na safari yake. Akiwa ameumia, amenasa, au umemkuta mikononi mwa mtu, mpigie ofisa wanyamapori wa wilaya, TAWA au hifadhi iliyo karibu; Kenya ni KWS, Uganda ni UWA. Ukipiga picha usiirushe mtandaoni ikiwa na jina la mahali. Na kama una uzio wa umeme shambani, zima waya wa chini leo jioni kabla hajatoka.